Tundu la Sita

Kila ninapofungua kabati la vifaa kazini na kukutana na harufu ya mafuta ya mashine, nachoka ghafla, hata kama zamu ndiyo kwanza imeanza. Harufu ile ni ya Jumapili za mwaka 1997, Ganshoren, Ubelgiji, katika stoo ya chini ya jengo letu, ambayo wapangaji wote waliiita cave. Kulikuwa na balbu moja, baiskeli za watu, viazi vya jirani wa ghorofa ya pili vilivyoanza kuchipua, na baba yangu ameketi juu ya kreti la bia akiwa bado na sare ya kazini, akipitisha kitambaa ndani ya mtutu wa bastola. Mafuta yale yalinukia ndizi iliyoiva kupita kiasi. Watu wakiniambia utoto ni wakati mtamu huwa naitikia tu, ili tusibishane. Wangu ninaukumbuka kama kipindi ambacho wakubwa wote nyumbani walikuwa wamechoka, na mimi nilijitahidi nisiwaongezee mzigo.

Papa, ndivyo tunavyomwita baba sisi watu wa Kivu, alikuwa ametangulia Ubelgiji nilipokuwa na miaka minne. Mimi na Maman tulimfuata nikiwa na tisa, baada ya vita kupita Bukavu, na pale uwanja wa ndege nilimpita nikaenda kumsalimu mwanamume mwingine aliyevaa koti zuri zaidi. Hakukasirika. Alicheka kidogo, akabeba mabegi yetu, na njiani akatuambia kwamba kesho yake ataingia kazini alfajiri. Alifanya kazi katika sehemu ya kufulia ya hospitali kubwa kule Jette, akikunja mashuka na kusukuma matoroli, na alirudi na mikono iliyobabuka kwa joto na sabuni. Katika miaka yake mitano ya upweke alikuwa amepata rafiki mmoja tu, Luc, Mbelgiji aliyekuwa fundi wa mashine za kufulia. Luc ndiye aliyempeleka kwenye klabu ya kulenga shabaha, akamsaidia kujaza makaratasi ya kibali, na hatimaye Papa akawa na bastola yake mwenyewe.

Ilikuwa ya vingt-deux, ishirini na mbili, kama walivyosema, yaani risasi zake zilikuwa nyembamba kuliko penseli niliyoandikia shuleni. Ilikuwa na kigurudumu chenye matundu sita, na kila ulipotaka kupiga ulilazimika kwanza kuivuta nyundo yake nyuma kwa kidole gumba, ndipo ufyatue. Ukitaka kupiga tena, unavuta tena. Kuijaza nako kulikuwa kwa taratibu: unafungua kilango kidogo upande wa kulia, unaingiza risasi moja, unazungusha, unaingiza nyingine. Papa aliipenda kwa sababu haikuwa na haraka. Babu yangu alikuwa mwindaji katika milima iliyo juu ya Bukavu, mtu wa kanga na kwale na sungura, na alitembea siku nzima na gobore refu begani lililomchosha kabla hajaona hata unyoya. Papa alikuwa ameliwaza jambo hilo miaka mingi. Alitaka silaha nyepesi ya kiunoni, ili mikono yote miwili ibaki huru kushika nyasi mtu anapopanda. Luc alimweleza zaidi ya mara moja, kwa upole, kwamba Ubelgiji hakuna anayeruhusiwa kuwinda kwa bastola, kwa hiyo alikuwa anajisumbua bure. Papa aliitikia kwa heshima, kisha tukibaki wawili akaniambia, “Haiko ya hapa, mutoto wangu. Hii iko ya kurudia kwetu.”

Maman aliiona wiki yetu ya kwanza. Alikuwa anachambua maharage, Papa akaileta mezani kwa furaha, imefungwa kwenye kitambaa cha manjano, kama mtu anayeonyesha picha za ndugu. Hakujua, kwa sababu kwenye simu hatukuwahi kumwambia yote. Kule Kadutu, vita vilipofika mtaani kwetu, mimi na Maman tulilala siku tatu chini ya kitanda, yeye amenilalia juu, anahesabu milio. Kidole chake kiligonga mgongoni mwangu kwa kila risasi. Alikuwa ameambiwa kwamba askari akinyamaza anajaza bunduki, na huo ndio muda wa kukimbilia kwa jirani mwenye nyumba ya matofali. Mdogo wake, mjomba Bahati, alikuwa nyuma ya mlango akisubiri neno lake. Siku ya pili Maman alisema zimekwisha, mjomba akatoka, kumbe ilikuwa imebaki moja. Tangu siku hiyo hakuna mtu aliyemlaumu, lakini sidhani kama kuna siku aliyojisamehe.

Kwa hiyo siku ile aliitazama bastola juu ya meza, akasogeza sinia la maharage, akasimama. “Hii kitu hailale mu nyumba yangu,” alisema. “Siku nitaiona tena, mi na mutoto tunaenda. Sitasema mara mbili.” Papa aliapa kwamba itaondoka, na siku hiyohiyo akaishusha. Aliishusha ghorofa tatu tu, hadi cave, akaifungia kwenye sanduku la chuma na kufuli mbili, na moyoni mwake akahesabu kwamba ametimiza ahadi. Nilijua kwa sababu ni mimi niliyemshikia tochi. Sikumwambia Maman. Nilikuwa nimempata baba kwa wiki moja tu, na sikuwa tayari kumpoteza kwa sababu ya sanduku.

Hivyo ndivyo Jumapili zetu zilivyoanza. Maman akienda ibadani, sisi tulishuka cave, kisha tukapanda tramu hadi klabu, ambako watoto waliruhusiwa kukaa nyuma ya kioo wakiwa wameziba masikio. Papa hakuwa anacheza. Alikuwa na daftari la mistari, na alikuwa ameamua kuipima ile bastola mpaka aijue yote, ili atakapopanda mlima wa kwao asidanganyike. Alipiga risasi tano, akarudisha karatasi, nami nikapima kwa rula yangu ya shule umbali kati ya tundu na tundu, nikaandika. Kwa mita kumi matundu yote yaliingia ndani ya kiberiti. Kwa mita ishirini yalitaka kisahani cha chai. Kwa ishirini na tano yalitapakaa sahani nzima, na Papa alitikisa kichwa kwa sababu kanga hana upana wa sahani. Tulijaribu aina tatu za risasi: moja iliacha masizi mengi na kutawanya ovyo, ya pili ilikuwa ya kimya lakini dhaifu, ya tatu ilikwenda kasi na kutulia. Tuligundua pia kwamba bastola ilivuta kushoto kidogo, upana wa kidole. “Donc,” alisema Papa akiangalia namba zangu, “kanga, mètres kumi na tano, si zaidi. Na wewe unapima vizuri kupita Luc.” Sifa hiyo nililala nayo wiki nzima.

Kulikuwa na jambo moja alilolirudia kila mara. Matundu ni sita, lakini ukitembea nayo unaweka risasi tano tu, na nyundo unailaza juu ya tundu tupu. Mwindaji hujikwaa, mlima una mawe, na bastola za namna hiyo zikianguka kwa nyundo zinaweza kulia zenyewe. Alinifanya nimwonyeshe mwenyewe, kwa maganda matupu, mpaka vidole vyangu vikazoea: fungua kilango, zungusha, hesabu tano, acha moja. Nilijivunia kulijua hilo kuliko Kifaransa nilichokuwa najifunza shuleni.

Mwisho wa Agosti kaka yake Luc alituruhusu kwenda shambani kwake, mbali kusini, ili Papa ajaribu nje, penye upepo, asimame kama atakavyosimama mlimani. Usiku wa kuamkia siku hiyo Papa alikuwa amefanya zamu mbili mfululizo kwa sababu mwenzake aliugua. Angeahirisha, lakini Luc hakuwa na Jumapili nyingine. Tulipanga makopo juu ya ua wa mbao, Papa akatembea na bastola kiunoni, akasimama ghafla, akapiga, akatembea tena. Aliangusha makopo mengi. Macho yake yalikuwa mekundu kwa usingizi lakini sijawahi kumwona tena akiwa na uso ule. Aliijaza mara ya mwisho, tano na tundu tupu, ndipo mvua ikatushukia, tukakimbilia gari la Luc tukiwa tumelowa chapachapa. Papa alilala njia nzima. Tulipofika Ganshoren hakushuka cave. Aliweka begi nyuma ya mlango, akajitupa kwenye kochi na viatu vyake, akapotea.

Jua lilikuwa limerudi jikoni Maman alipofungua begi kutafuta nguo mbichi za kufua. Sikusikia ukelele. Nilipotoka chooni nilimkuta ameketi mezani, bastola mbele yake juu ya taulo, mikono amefichia mapajani. Aliniuliza bila kunitazama, kama mtu anayejisemea, “Inafunguliwaka wapi, hii kitu?” Nami, kwa ujinga wa kutaka kumsaidia mama yangu, niliichukua, nikaielekeza ukutani kama nilivyofundishwa, nikafungua kilango, nikazungusha, nikatoa risasi moja moja, nikazipanga juu ya taulo. Zilipokwisha niliinua macho. Maman hakuwa anatazama risasi. Alikuwa anatazama vidole vyangu.

“Cinq,” alisema, yaani tano. “Matundu ni six. Ya sixième iko wapi? Baba yako alipiga nani?”

“Ya six hatuwekake, Maman. Nyundo inalala juu ya tundu ya bure, ikianguka isilie. Ni sécurité.”

“Hatuwekake? Wewe na nani?”

Hapo ndipo nilipoelewa nilichofanya. Maman aliweka kiganja juu ya risasi zile zote. “Nilikulalia siku tatu mu Kadutu, usijue hii mambo,” alisema, na sauti yake haikupanda hata kidogo. “Na leo wewe njo unanifundisha?” Papa alikuwa ameamka, amesimama mlangoni na viatu vyake vya matope. Angeweza kusema samahani. Badala yake alimwita kwa jina langu, kama kawaida yake, akasema jambo la kipuuzi kuliko yote niliyowahi kumsikia akisema: “Maman Nsimire, lakini cave haiko nyumba.” Nusu saa baadaye mimi na Maman tulikuwa kwenye basi.

Tulikaa siku kumi na moja kwa Maman Odette, mtu wa kwetu aliyekuwa na saluni ndogo ndani ya jengo la maduka la Galerie d'Ixelles, na chumba nyuma yake. Niliamka na kulala katika harufu ya dawa za nywele. Kila siku, zamu yake ikiisha, Papa alivuka mji mzima, akaketi kwenye benchi katikati ya wanawake wanaosukwa, na sare yake. Maman alipita mbele yake kuchukua maji kama anayepita mbele ya kiti. Siku ya nne Maman Odette alishindwa kuvumilia. “Papa Nsimire, bon, nikusuke ama unangoja bus?” Wanawake walicheka, Papa akatabasamu kidogo, Maman hakutabasamu. Nilikuwa na hakika kwamba nimeivunja nyumba yetu kwa vidole vyangu mwenyewe, na hakuna aliyeniambia vinginevyo. Siku ya kumi na moja Papa alikuja na karatasi ya polisi yenye muhuri, kwamba silaha imekabidhiwa na haitarudishwa. Maman aliisoma polepole, mara mbili, akaikunja, akaitia ndani ya pochi yake. “Bon,” alisema. “Twende.”

Maman alikuwa na haki, na nasema hivyo bila kumung'unya maneno. Walikaa pamoja, wako pamoja hadi leo. Lakini Jumapili iliyofuata Papa alilala hadi mchana, na iliyofuata pia. Nilikaa sebuleni na rula yangu, nikisubiri aniite popote, hata bustanini kuangalia bata. Hakuniita. Nikaona ndiyo adhabu yangu, kwa sababu mimi ndiye niliyefungua kile kilango. Tukawa baba na binti wa kuulizana shule inaendaje.

Siku hizi ninafanya kazi katika hospitali ileile, mimi ni muuguzi, na nina binti wa miaka tisa. Jumamosi moja mwaka jana nilikuwa nyumbani kwa wazazi nikimtafutia Papa makaratasi ya bima, Maman akiwa kwenye mazoezi ya kwaya, nikakuta lile daftari. Namba zangu zilikuwa pale, za kitoto, zimeinama kulia. Baada ya ukurasa wa makopo nilidhani limekwisha. Halikuwa limekwisha. Papa alikuwa ameendelea kuandika tarehe, Jumapili baada ya Jumapili, kurasa nne nzima, na mbele ya kila tarehe hakuna kitu. Nilimpelekea. Alivaa miwani, akafunua kurasa.

“Ile revolver ilikuwa inavuta kushoto,” alisema.

“Papa, na hizi tarehe?”

“Nilikuwa nangoja ukuje na rula yako. Nilifikiri unaniogopa.”

“Mimi nilifikiri umenikasirikia. Kwa sababu nilifungua.”

Alivua miwani, akajifuta uso kwa kiganja kile kilichokunja mashuka miaka ishirini na saba. “Nikukasirikie wewe?” alisema. “Mutoto wangu, nilikuwa nachoka tu.”

Nilirudi kwangu kesho yake asubuhi nikitoka zamu ya usiku, miguu imevimba, nikitaka kitanda na si kingine. Binti yangu alikuwa ameketi sebuleni, amevaa, hana la kufanya, ananitazama napita kama anavyonitazama kila Jumapili. Nilikuwa nimechoka sana. Nikamwambia avae viatu, tutoke.