Nyoka wa Jina la Kuazima

Heriberto alikuwa fundi majokofu mjini Utuado, kwenye milima ya kisiwa chetu, na kichaa chake kilikuwa nyoka. Jumapili, wenzake wakigonga domino uwanjani, yeye alikuwa chumba cha chini akikodolea macho kisanduku cha kioo. Mkewe, Eneida, alikwishamzoea. Wanaume wengine wana chupa za rumu, alisema, wangu ana nyoka.

Kisha akaja nyoka yule wa Ponce. Baharia mmoja alimtoa ndani ya gunia la mchele pale bandarini: nyoka jike mnene, aliyekamatwa msituni Kostarika, kupe bado wamemng'ang'ania chini ya magamba. "Kwetu wanamwita terciopelo," baharia alisema. "Usimletee utani. Huyu anaua ng'ombe." Heriberto aliogopa na kupenda kwa pigo moja, akamnunua.

Ila Eneida asingekubali sumu chini ya sakafu yake, hilo alilijua fika. Basi njiani akamtafutia nyoka jina lingine. "Ni culebrón tu," alisema alipofika. Na nani kisiwani amuogope culebrón? Ndiye chatu wetu wa mapangoni, hana sumu hata chembe, na watu humwinda kwa ajili ya mafuta yake ya kuchua magoti. Nyumba ile ndiyo kabisa, maana mama mzazi wa Eneida, Bi Tomasa, alikuwa bingwa wa kuwakamata kwa mikono mitupu. Mtaa mzima, goti likiuma, ni kwake.

Bi Tomasa alishuka kumchungulia mgeni. "Mbona kichwa chake kama pasi?"

"Bado mdogo, mama. Ataumbika."

"Haya. Hata huyu mkeo alizaliwa na kichwa cha ajabu, akaja kuumbika."

"Mama!" Eneida alifoka huku akicheka.

Heriberto naye alicheka, lakini kicheko hakikushuka tumboni. Nyoka aliyezaliwa kwenye kisanduku hutulia; huyu alizaliwa msituni na msitu ndio aliokuwa akiutafuta. Panya hakugusa. Alisugua pua kwenye kioo mpaka ikatoka damu, na kila mtu akipita alirusha kichwa, tap, sumu ikachuruzika kwenye kioo kama maji ya mchele. Heriberto aliifuta kwa kitambaa kilichofungwa kwenye fimbo kabla watu hawajaiona. Juu ya kifuniko akaweka kopo la rangi, kisha la pili. Kumrudisha, baharia alikwishaondoka. Kumuua, moyo ulikataa. Kumwachia mlimani, haiwezekani: jike lile, pengine na mimba, kwenye mashamba ya kahawa ambako watu huokota nyoka kama wanavyookota ndizi! Usingizi ukamhama. Mara ngapi alifungua kinywa amwambie Eneida, akaishia kuomba chumvi.

Siku moja alikuwa sokoni, mikono ndani ya jokofu la mwuza nyama, simu ikalia.

"Culebrón wako katoka," alisema Eneida. "Makopo yako chini. Usihangaike, mama anamtafuta kwenye nguo chafu."

"Mwambie asimguse!"

"Asimguse? Mama? Kwa nini?"

Hapo ndipo mahali pa kusema. Neno lilifika kwenye ulimi, akaliona, akalimeza. "Ni mgonjwa," alisema. "Ana kupe."

Eneida aliangua kicheko. "Mama! Mkweo anasema usimshike, ana kupe!" Kwa mbali ilisikika sauti ya Bi Tomasa: "Mwambie mimi na kupe tumekua pamoja!" Simu ikakatika. Akapiga. Akapiga tena. Haikupokelewa.

Aliacha vyombo sokoni, akaendesha gari mlimani kama mwendawazimu, akimwomba Mungu nyoka awe amekimbilia mtoni, apotee, auawe, chochote kile, isipokuwa mkono wa yule mama.

Alimkuta Bi Tomasa ameketi kwenye ukingo wa karo la kufulia. Foronya iliyofungwa fundo ilikuwa inajipindua sakafuni. "Mkorofi huyu," alisema. "Sijawahi kuona culebrón anayeuma namna hii. Mafuta yake yatakuwa makali." Alijaribu kutabasamu. Mkono wa kulia ulikuwa umevimba mpaka pete imezama, na ufizi wake ulikuwa unatoa damu.

Hospitalini daktari aliuliza ni nyoka gani. Eneida ndiye aliyejibu, haraka, kama mtu anayeleta habari njema. "Culebrón tu, daktari. Wa mume wangu."

Daktari akashusha pumzi. "Basi hana sumu. Labda mzio. Tutasafisha kidonda, tumtazame."

Muuguzi alikuwa tayari anageuka. Heriberto alisema, kwa sauti ambayo hata yeye hakuitambua, "Si culebrón."

Eneida alimgeukia. Alimtazama tu, na Heriberto akatamani mkewe angempiga. Ikabidi alitaje jina lile la baharia mbele yake, na kulirudia, maana daktari hakuwahi kulisikia. Dawa ya sumu hiyo hawakuwa nayo. Ilibidi iletwe kwa ndege, na wakati inangojewa, weusi ulipanda vidole vya Bi Tomasa, ukaingia kiganjani.

Hakufa. Alirudi nyumbani na vidole viwili tu kwenye mkono wa kulia, vingine vimekatwa. Eneida aliendelea kumpakulia mumewe wali na mbaazi, ila kila Heriberto akimwambia jambo, hata kwamba mvua imenyesha, alitoka nje kuhakikisha.

Mvua nyingine ilimtoa culebrón halisi pangoni, akavuka uwanja wao taratibu, mrefu, mzuri. "Tomasa!" jirani aliita. "Mafuta hayo!" Bi Tomasa aliinuka kwa mazoea, akanyoosha mkono uliobaki mzima, akausimamisha hewani. Akamgeukia Heriberto.

"Huyu ni nani?"

"Culebrón, mama. Huyu ni culebrón kweli."

Bi Tomasa akaurudisha mkono kifuani, akaingia ndani na kufunga mlango kwa komeo.