Nyayo Mbele ya Swichi

Bosi wangu hapendi maswali, nami sipendi kuamrishwa, kwa hiyo tunaelewana vizuri zaidi kwa simu. Asubuhi hiyo alinipigia kutoka ofisini kwake Ruti, mjini Mbarara.

"Ile swichi ya kliniki ya Nakivale ni mzee sana. Leo uweke programu mpya, sebo. Leo maliza." "Sebo" kwao ni "bwana", ila kwake ilikuwa amri.

Swichi yenyewe ni sanduku la chuma lenye matundu ya nyaya, linalounganisha kompyuta zote za kliniki. Programu yake endeshi ilikuwa imepitwa na wakati, imejaa mianya ya wezi wa mtandaoni. Aliyeifunga ni fundi aliyenifundisha kazi, Mkongo mwenzangu wa Kivu Kusini. Alifia hospitalini Mbarara mvua zilipoanza. Mjane wake ndiye msafishaji wa kliniki hiyo ya kambi ya wakimbizi.

Mama huyo alinifungulia chumba cha swichi. Vyumba vingine vyote vilikuwa vinang'aa, lakini humo sakafu ilijaa vumbi jekundu.

"Pita ku ukuta," akaniambia. "Pa katikati usikanyage. Ile ni miguu yake."

Nikaziona nyayo za kandambili, zimekwenda moja kwa moja hadi mbele ya swichi. Za kurudi sikuziona, wala sikuuliza. Kwetu nyumba yenye matanga haifagiwi mpaka matanga yaondolewe. Kumbe kwake alishafagia zamani, hapa bado.

Nilisimama kando ya nyayo zile, nikaunganisha kompyuta yangu. Swichi ikanitolea salamu ambayo marehemu aliiandika ndani yake. Niliisoma kwa sauti: "Jambo, fundi. Ukiizima, ungojee. Usikimbie."

"Jambo," mama akaitikia, akiitazama swichi.

Akaniomba nimsomee hesabu. Swichi hujihesabia muda tangu ilipowashwa mara ya mwisho, na aliyeiwasha mwisho alikuwa mumewe. Nilimsomea, kisha nikamwambia ukweli: programu mpya haifanyi kazi mpaka swichi izimike na kuwaka, na hesabu itaanza upya.

"Itaanza na mukono ya nani?"

"Wangu, mama."

Aliziangalia zile nyayo. "Haya. Fanya."

Swichi nzee hazina nafasi ya programu mbili, lazima ufute ya zamani kwanza. Nikafuta. Tangu hapo taa zote ziliendelea kupepesa na kompyuta za kliniki zikaendelea na kazi, ilhali ndani ya sanduku hakukuwa na programu yoyote iliyohifadhiwa. Lilikuwa linaishi kwa kumbukumbu tu. Umeme wa sola ukikatika wakati huo, haliamki tena. Nauchukia sana muda huo. Programu mpya ilipoingia yote, nikaiamuru swichi ijizime na kujiwasha.

Taa zilizimika, feni ikanyamaza. Ikawaka taa moja ya manjano, ikabaki hivyo hivyo. Nilingoja mpaka watu wa mapokezi wakaanza kugonga mlango. Bosi akapiga simu.

"Bado? Chomoa, chomeka tena!"

Nilishaushika waya mama aliponikamata mkono. Vidole vyake vilikuwa baridi.

"Amesema ungojee."

Nilingoja, nimejaa hasira na woga. Ghafla feni ikavuma na taa zikawa za kijani. Kwenye kompyuta nikaona kwamba katika ule ukimya wote swichi ilikuwa inaandika upya sehemu zake za ndani kabisa. Ningechomoa, ingekufa palepale. Salamu ikatokea ileile, maana hukaa kwenye mipangilio ambayo sikuifuta, nikaisoma. Safari hii mama hakuitikia.

"Soma hesabu."

"Dakika moja, mama."

"Basi ameenda," akasema. Alilia kidogo, akaenda kuchukua fagio.

Nilifunga mkoba wangu kibarazani nikisikia fagio likipita. Lilipotulia nilichungulia kumuaga. Sakafu ilikuwa safi hadi kwenye kona, na nyayo za kandambili hazikuwepo. Mbele ya swichi palibaki viraka viwili vya vumbi lenye alama za viatu vyangu, fagio limevizunguka kwa uangalifu.

"Na hizo, mama?"

"Hapana. Hizo ni za mwenye aliiwasha mwisho," akasema, akafunga mlango kwa ufunguo.