Uzi Niliouweka kwa Jirani

Gunia langu nalijua hata likiwa limelaliwa na mengine. Nilikuwa nimekwenda sokoni Bariadi kununua chumvi ya ng'ombe, nikapita kwenye safu ya wauza michembe, nikayaona magunia kama ishirini yameshonwa mdomoni kwa uzi mwekundu: mishono mitatu ya kukatizana, nafasi ya vidole viwili, mitatu tena, fundo mwishoni. Huo ni mshono wangu. Nami msimu ule nilikuwa nimebakiwa na magunia matatu tu, na yote matatu yalikuwa ndani kwangu, juu ya mbao.

Mwenye kibanda akanisalimia vizuri. "Bibi, safari hii umetuletea mzigo mkubwa."

"Mimi sijaleta kitu."

"Basi wameleta watu wako."

"Sina watu. Nifungulie moja."

Akasita, akacheka kidogo, akafungua. Nikaingiza mkono mpaka kiwiko. Michembe iliyokauka vizuri inalia mkononi kama vigae. Ile haikulia. Ilikuwa laini na ya baridi, na mkono ulipotoka ulikuwa unanuka ukungu. Nilijua pale pale kwamba kuna watu watakula kitu kile, na watakapougua watanitaja mimi.

Nieleze kwanza, maana aliyezoea vitu vya dukani anaweza asielewe. Michembe ni viazi vitamu. Unavichimba, unaviacha vinyauke siku mbili tatu, unamenya, unakata, unaanika kwenye jabali jua likiwa kali. Ukianika chini, mbuzi wanapita juu yake. Ukianua kabla ya wakati, inaozea ndani ya gunia na kwa nje huoni chochote. Ukiniuliza ujuzi wangu ni upi, ni kukaa na kungoja jua limalize kazi yake. Wengi hapo ndipo wanaposhindwa.

Mshono niliuanza wanangu wakiwa shule. Magunia yetu ya kijiji yalipanda lori moja kwenda Mwanza na kule yakawa yanachanganyika, aliyeanika vizuri na aliyeanika vibaya wanaitwa jina moja. Nikafumua sweta ya shule iliyochakaa, nyekundu, nikashonea magunia yangu. Sweta ilipokwisha nikanunua uzi wa nailoni wa rangi ile ile. Miaka ikaenda, wanunuzi wakawa hawaulizi mimi ni nani. Wanauliza la uzi mwekundu liko wapi. Wakikuta la kamba ya katani wanalipita.

Jirani yangu alihamia kwetu akitokea upande wa Mwamapalala, mjane mwenye watoto wadogo. Mikono yake ilikuwa mizuri kwenye kazi, michembe yake safi, lakini hakuna aliyemjua, na magunia yake yakawa yanarudi. Akaja kwangu asubuhi moja, akapiga goti, akanisalimia kwa kilugha chetu kama anamsalimia mama yake. "Mwangaluka, mayu." Nikaitikia. Akasema amechoka kupeleka mzigo na kurudi nao.

Sasa, kwetu mtu mwenye ng'ombe wengi huwaweka wengine kwa jirani. Anayewekewa anakamua, anakunywa maziwa, samadi inakwenda shambani kwake. Lakini ng'ombe ni wa mwenyewe, na ndama ni wa mwenyewe, hata wakikaa kule miaka kumi. Hakuna anayeandika. Kunakuwa na mashahidi, basi. Mimi nilifikiri mshono nao unawekwa hivyo hivyo. Nikamwita mwanangu na mkewe waje wasikie, nikamkabidhi yule mama sindano na kibunda cha uzi.

"Huu nauweka kwako," nikamwambia. "Utakamua. Lakini ng'ombe ni wangu."

Wakacheka. Mwanangu akauliza, "Na ndama je, mama?"

"Na ndama ni wangu."

"Nimesikia, mayu," akasema jirani, bado goti liko chini. "Ng'ombe akifa nitakuletea ngozi uione."

Tukacheka tena. Kuna kitu sikukifikiria. Ng'ombe aliyewekwa kwa jirani anaonekana akienda kunywa maji, na kila mtu njiani anajua ni wa nani. Uzi hauendi kunywa maji.

Misimu kadhaa ilikwenda vizuri. Akajenga banda la mabati kando ya barabara ya Maswa, akaajiri wanawake wa kijijini, mkamwana wangu akiwa mmoja wao, akawa ananunua viazi mpaka Sola. Baadaye zikaja pakiti za plastiki, zimechapishwa mshono wangu, na chini yake maneno Uzi Mwekundu. Ya kwanza aliniletea mimi mwenyewe. Siku ile hakupiga goti. Alinipa mkono kama watu wa ofisini, na alipokuwa akinisalimia macho yake yalikuwa kwenye jabali langu la kuanikia, analipima. Niliona. Nikanyamaza, na kunyamaza kule ndiko ninakojilaumia.

Basi siku ile nilipotoka sokoni sikwenda nyumbani. Nilipitia bandani.

"Michembe yako inanuka," nikamwambia mbele ya wanawake wake. "Na mdomoni umeweka mshono wangu."

"Mayu, kaa kwanza."

"Sijaja kukaa."

Wanawake hawakuinua vichwa. Visu tu ndivyo vilivyosikika. Akaniambia kwa upole, na upole ule ulinitisha kuliko kama angenifokea, kwamba oda siku hizi ni kubwa na jua halitoshi. Kuhusu mshono akasema, "Ile sasa ni alama ya kampuni. Mwanasheria ameshapeleka maombi isajiliwe. Ikishasajiliwa, mtu mwingine akiitumia ni kosa."

"Mtu mwingine ni nani?"

"Si wewe, mayu. Wewe nitakuandikia barua ya kukuruhusu."

"Kuniruhusu mimi."

"Ili usisumbuliwe."

Afisa biashara wa wilaya, niliyemwendea kesho yake, ni mama wa makamo mwenye miwani. Alinipa shikamoo, akanisikiliza mpaka mwisho, akatafuta kwenye kompyuta. Maombi aliyaona. Akanieleza kwamba mtu akiomba alama inatangazwa kwanza, na mwenye neno anapewa muda wa kuweka pingamizi. Kwangu zilikuwa zimebaki siku kumi na moja.

"Mliandikishana?" akauliza.

"Nilimkabidhi mbele ya watu."

"Karatasi hakuna."

"Ng'ombe wa kuwekwa hana karatasi."

Akavua miwani. "Bibi, mimi nimezaliwa Itilima, ng'ombe hao nawajua. Lakini wanaoamua jambo hili hawatakuja kuuliza zizini. Ukikaa kimya, alama inakuwa yake. Niletee watu walioona ukiitumia kabla yake, waape mbele ya wakili na waweke sahihi. Hata wawili."

"Watakuja kumi," nikasema.

Nilianza na mzee aliyekuwa akipakia magunia yetu kwenye lori. Akasema macho yake siku hizi hayakumbuki.

"Tangu lini macho yakakumbuka?"

"Ndiyo uzee wenyewe huo, dada," akasema, akageukia kuku wake. Binti yake ni mkataji bandani. Mama mmoja tuliyeanika naye jabali moja miaka yote alinikaribisha, akanipa uji, akazungumza habari za mvua mpaka nikachoka kungoja. Wa tatu aliniitikia salamu kutoka ndani na hakutoka. Kila mlango niliofika, palikuwa na mtu anayekula kutoka bandani. Nilikuwa naliona banda lile kila siku, na sikujua lilivyokuwa kubwa.

Siku ya nne ikaja habari kutoka Sola. Familia moja imeharisha nyumba nzima baada ya kula michembe, na mtoto wao mdogo amelazwa. Aliyeleta habari hakutaja kampuni wala banda. Alisema, "Wamekula ya yule bibi wa uzi mwekundu." Jioni yake mwanamke niliyemuuzia debe moja alilirudisha, akaliweka mlangoni kwangu, akaondoka bila kubisha hodi. Ile ilikuwa michembe yangu mwenyewe, kavu, safi. Nikalibeba lile debe, nikaliingiza ndani.

Mwanangu nilimwacha wa mwisho kwa sababu niliamini yeye hana haja ya kuombwa. Nilimkuta anafunga nati za plau.

"Kesho twende wilayani," nikamwambia.

"Mama, mke wangu yuko pale. Watoto wanasoma kwa kazi ile."

"Ulisikia au hukusikia? Wewe ndiye uliyeuliza habari za ndama."

"Nilikuwa natania."

"Mimi sikutania nilipokujibu."

Akakaza nati iliyokwisha kukazwa. "Tuache, mama. Shona rangi nyingine. Kuna kijani, kuna bluu."

"Nitashona kijani. Na yule mtoto wa Sola kalazwa kwa uzi wa nani?"

Akainamia plau yake. Nilirudi kwangu nikijua kwamba siku zikiisha, kila gunia lililooza kuanzia hapa mpaka Mwanza litakuwa na mshono wangu mdomoni, na mimi nitakuwa mtu wa kuruhusiwa.

Asubuhi iliyofuata mkamwana wangu alikuja amevaa kitenge chake cha kanisani.

"Mama, kuapa kunachukua muda gani?"

"Ukiapa, kazi huna."

"Najua." Akakaa kwenye kizingiti. "Ile ya Sola niliianua mimi. Tuliambiwa tuianue ikiwa mbichi, gari linasubiri. Nikaanua, nikafunga, nikashona ule mshono wako kwa mkono wangu. Nikiwa nashona nilikuwa nasikia baridi yake kwenye gunia."

"Mumeo amejua unakuja hapa?"

"Ameniona nikivaa. Hakuuliza."

Tulikwenda. Mkamwana alieleza alichokisikia siku ile nilipokabidhi uzi, wakili akaandika na kumsomea, naye akaweka sahihi. Mimi niliandika jina langu polepole, herufi moja moja. Shahidi mmoja na mwenye mali, basi. Afisa biashara alisema ni wachache, lakini pingamizi limeingia ndani ya muda.

Kesho yake mkamwana alikuta kisu chake kimewekwa nje ya geti la banda, juu ya aproni iliyokunjwa vizuri. Hakuna aliyetoka kumweleza chochote. Wiki ile ile banda likaacha kununua viazi mpaka shauri liishe, na wanawake wote wakarudishwa nyumbani. Sasa wanapita kwenda kisimani kwa njia ya upande wa pili. Mara mbili tumekuta michembe yetu imelowa pale jabalini, na mvua haijanyesha. Mtoto wa Sola alipona, namshukuru Mungu, ila habari ya kupona kwake haikutembea kama ile ya kwanza.

Wiki hii imekuja barua. Tunaitwa pande zote mbili, tukasikilizwe. Miwani yangu imevunjika, kwa hiyo mwanangu ndiye aliyeisoma, kwa sauti, mpaka mwisho. Alipomaliza aliikunja, akauliza kama ushahidi bado unapokelewa.

"Ofisi unaijua ilipo," nikamwambia.

Mkewe alikuwa anamenya viazi karibu naye. Mwanangu alikaa na ile barua magotini mpaka ng'ombe waliporudi, kisha akainuka akaenda kuwafungia.