Matango ya Bi Mineyo

Wahenga wanasema kutoa ni moyo. Hapa Kamiori, kijiji chetu cha Japani, kutoa ni mtego, na aliyetega vizuri kuliko wote mwaka huu ni jirani yangu Bi Mineyo, mjane wa miaka sabini na nane, magoti mabovu, ulimi mzima kabisa.

Mambo yalianza maua ya mcheri yakipukutika. Binti yake, Chizuru, alikuja kutoka Osaka na viatu vya mjini, akasimama uani akiyatazama magugu yaliyokwisha kubisha hodi kibarazani.

"Mama, hii bustani au pori?"

"Bustani. Imepumzika."

"Wewe kuchuchumaa huwezi. Nani atapalilia? Nimeshaongea na dalali wa nyumba. Kwangu kuna chumba, kuna kiyoyozi, kuna lifti mpaka mlangoni."

"Lifti ya kunipeleka wapi, na nimeshafika?"

"Nitarudi Agosti, sikukuu ya kuwapokea wafu. Nikikuta majani yamefika magotini, tunauza."

"Magotini kwa nani? Kwangu au kwako?"

Chizuru hakucheka. Akaondoka.

Kwetu, kuomba upaliliwe ni aibu ambayo mtu huenda nayo kaburini. Na kujitolea kumpalilia mwenzio ni kumwambia amezeeka. Kwa hiyo sote tulipita nje ya ua wake tukiisifia hali ya hewa kwa sauti, huku magugu yakituchungulia.

Mashamba ya mpunga yalipojazwa maji na vyura wakaanza kelele zao, Bi Mineyo akapanda matango. Magugu yanataka uchuchumae, lakini tango hutambaa juu ya wavu, unalichuma umesimama wima kama bwana harusi. Mtu wa peke yake anatoshwa na miche miwili. Yeye alipanda ukuta mzima. Mwenyekiti wetu wa mtaa, Mzee Gonda, mtu ambaye hajawahi kulala na deni hata la chumvi, alisimama kumtazama.

"Bi Mineyo, unafungua duka?"

"Nina wageni."

"Wageni gani?"

"Watakuja."

Mvua za Juni zikanyesha bila adabu. Tango ukiligeuzia mgongo jioni, asubuhi limekuwa mkono wa mtu. Kila nyumba ilikuwa nayo mpaka yanakera. Watu waliyatupa milangoni kwa jirani alfajiri na kukimbia. Bi Mineyo hakutupa. Aliyalaza kwenye pumba za mpunga zilizochachuka, na pilipili kidogo, yakatoka achari ya kukusahaulisha dini yako. Akaipakua kwenye mabakuli ya buluu ya mama mkwe wake, akatupelekea mkononi, mlango kwa mlango, anatabasamu.

Bakuli la mtu kwetu halirudi tupu. Tunalijua hilo kabla hatujajua kupenga kamasi.

Kesho yake Mzee Gonda akaja na bakuli limejaa biringanya.

"Jamani, Mzee, mimi mtu mmoja. Friji imejaa mpaka mayai yanalala nje."

"Basi nikuletee keki ya maharage."

"Sukari, daktari kanikataza."

"Majani ya chai?"

"Ninayo ya kunitosha mpaka matangani."

"Basi chukua bakuli lako."

"Tupu? Mzee Gonda, nimekukosea nini?"

Mzee akabaki getini, jasho linamtoka, bakuli mkononi kama mwombaji wa hekaluni. Kuingia hawezi. Kurudi hawezi, maana mkewe, Bi Fusae, alikuwa dirishani kwao. Akatazama mbingu. Akatazama chini. Karibu na kiatu chake palikuwa na shina la gugu. Akainama, akaling'oa. Akang'oa na la pili.

Bi Mineyo akamletea chai baridi ya shayiri. "Usijisumbue, Mzee," akamwambia, kwa ile sauti inayomaanisha upande ule bado.

Sasa mwenyekiti akishapalilia kutoka getini hadi kisimani, wewe utarudisha nini, figili? Mimi niliangukiwa na eneo la chini ya mplamu, makao makuu ya mbu. Bi Fusae alirudia sehemu ya mumewe yote, kusudi aonyeshe kwamba mumewe aliacha mizizi.

Mwisho wa Julai, nyenje wakipiga kelele, ubwiri, ule ukungu wa majani, ukaingia. Majani ya matango yakawa meupe kama yamemwagiwa unga, na wavu ukakauka. Matango yakakoma, magugu hayakupata habari. Mabakuli yakakaa kabatini, na uani majani yakaanza kuinuka tena. Nilimsikia Bi Mineyo kibarazani akiiambia picha ya marehemu mumewe, "Mzee, safari hii nadhani utanifuata Osaka. Shika lifti."

Asubuhi moja Mzee Gonda akaja na mundu, na bakuli la achari ya mkewe.

"Mzee, sina cha kurudishia."

"Unacho. Kaa hapo kivulini unitukane wakati nakata. Nyumbani kwangu nanuniwa tu."

Bi Mineyo akalipokea bakuli, akaliweka magotini. Kisha akasema, "Unashika mundu kama kijiko cha supu."

"Ndiyo hivyo," akajibu Mzee Gonda, akachuchumaa. Mimi na Bi Fusae tukaingia bila bakuli lolote, na hakuna aliyetuuliza.

Chizuru alipofika Agosti, alizunguka ua mzima akitafuta gugu hata moja.

"Umemwajiri nani?"

"Matango. Halafu yalipokufa, majirani."

Mbele ya picha ya baba yake lilisimama tango la mwisho, nene, la njano, limetiwa miguu ya vijiti: farasi wa kumleta marehemu nyumbani. Chizuru akapiga magoti, akaunyoosha mguu mmoja uliopinda. Nasi, kama ilivyo desturi, tukamletea mgeni chochote tulichokuwa nacho. Siku ya kuondoka kiti cha nyuma cha gari lake kilikuwa kimejaa vyombo vya watu.

"Nitawarudishia kwa posta, Mama."

"Vitupu?"

Chizuru akafumba macho. Kwetu ndiko alikokulia.

"Basi nitavileta mwenyewe. Vuli, matunda ya kaki yakiiva." Akatoa simu, akamwambia dalali asubiri. Dalali akauliza asubiri mpaka lini, naye akasema hajui.

Bi Mineyo akainama dirishani mwa gari. "Na uje na suruali ya kuchuchumalia. Mzee Gonda naye ana bustani."