Kilio cha Mama Kwenye Filamu

Filamu ile ilinitia kinyaa, na kinyaa chenyewe kinaanzia kwangu. Miaka ya sabini nilikuwa mwalimu Kibondo. Nilirudi likizo kwa mama, kijijini karibu na Kasulu, wakaja watu wa filamu kutoka Dar es Salaam wakitafuta uwanja wenye migomba na mama wa kumpokea mgeni. Hadithi yao ilikuwa ya bwana shamba mvivu: vichekesho vingi, huzuni kidogo. Wakanifanya mkalimani. Kichwa kikavimba.

Kwetu salamu haifanywi kwa kupita. Mama aliinama, akapiga makofi taratibu, akamuulizia mgeni watu wa kwao mmoja mmoja, hadi ng'ombe. Mwongozaji akataka salamu irefuke zaidi. Mimi na kiherehere changu nikamnong'oneza mwigizaji aliyecheza bwana shamba, ndiye mgeni mwenyewe, "Muulize mzee hajambo."

Baba alikuwa na miezi mitatu kaburini. Kwetu, mgeni ambaye hakuwahi mazishi akimuulizia marehemu, amekuja kuhani, na mfiwa humlilia upya. Nilijua. Nilidhani atatoa chozi moja tu, picha ipendeze. Mama akamshika yule mtu mikono yote miwili, akalia mpaka akakaa chini. Kamera haikuzimwa.

Baadaye gazeti likafika shuleni Kibondo. Mhakiki aliisifu filamu, hasa yule mama wa shamba na kilio chake cha kuvunja mbavu. Alilalamika tu kwamba kilikuwa kirefu mno. Walimu wenzangu wakanipa mkono wa hongera. Nikaupokea, mpumbavu mimi.

Ilipoonyeshwa Kasulu ilikuwa Jumamosi mchana, madirisha ya ukumbi yamezibwa kwa mablanketi. Mama alikaa nami mbele, kitenge kipya. Kumbe walikuwa wamepachika bwana shamba akitazama saa na kupiga miayo huku mama akilia. Watu wakaangua kicheko: wenye maduka, makarani, hata majirani waliomzika baba.

Mama hakuinuka. Alinisogelea sikioni.

"Mwanangu, nani alimwambia yule mgeni amuulize baba yako?"

"Ni mimi, mama."

Akaniambia, kwa upole kabisa, "Basi na wewe cheka. Wenzako wanacheka."