Kibuyu cha Mzee Echodu

Jumamosi, tarehe 11 Machi 2023, tulikuwa watu tisa mbele ya jabali la michoro ya kale nje ya Kocholia: wanakijiji sita, wageni wawili wa chuo kikuu, na Mzee Echodu, mlinzi wa jabali hilo kwa miaka ishirini na minane.

Hakuteuliwa na ofisi yoyote. Mama yake, kabla ya kufariki, alimwonyesha ng'ombe kumi na wawili wekundu waliochorwa na watu wasiojulikana, akamwagiza awatunze kama mifugo ya boma. Ndiyo maana kila alipofika mgeni, Echodu alilimwagia jabali maji kwa kibuyu. Ng'ombe waliofifia waling'aa mara moja. "Wamekunywa," husema, "sasa watakusalimu."

Siku hiyo Eucabeth, mtafiti wa michoro kutoka chuo kikuu, alimzuia. "Mzee, leo tusimwage. Kompyuta itawaonyesha."

"Na hiyo kompyuta inakunywa nini?" akauliza Okiria, jirani wa Echodu. Tukacheka.

Eucabeth akapiga picha, na kompyuta ikatenganisha rangi ambazo jicho halizibagui. Ng'ombe wote wakajitokeza kiooni, pamoja na ndama ambaye Echodu hakuwahi kumwona. Mzee akapiga makofi.

Kisha Eucabeth akaleta picha iliyopigwa na padri mmoja mwaka 1994, akailinganisha na ile mpya. Kila mahali rangi ilipopungua, kompyuta ilitia buluu. Buluu hiyo iliteremka kwa michirizi; juu ya pale ilipoanzia, michoro ilikuwa salama.

"Mvua hiyo," Okiria akasema, safari hii bila mzaha.

"Mvua ingeanzia juu," Eucabeth akajibu kwa upole.

Echodu akauinua mkono wenye kibuyu, akaupima jabalini. Ulikoma pale pale buluu ilipoanzia.

"Ni mimi," akasema. "Nilidhani nawanywesha. Mwanangu, tafuteni mlinzi mwingine."

"Hukujua, mzee," Eucabeth akasema.

"Mama hakuniuliza kama najua."

Okiria akamnyang'anya kibuyu. "Mlinzi mwingine atakuja na ndoo! Wewe kaa hapa uwaambie watu ulichofanya."

Echodu akaenda akaketi mahali pake pa siku zote, mgongo kwa jabali, uso kwa njia wapitayo wageni.

Saa kumi tulipoondoka, walibaki ng'ombe watano wa kuonekana kwa jicho tupu, saba na ndama mmoja wa kuonekana kwa kompyuta tu, na mlinzi mmoja, bila kibuyu.