Nilivyomeza Kahawa ya Mama Koku

Kosa langu la kwanza nilipotoka Nakuru kuja kujitolea Muleba lilikuwa kumeza kahawa kama vidonge. Nilikuwa Buganguzi, hukohuko Muleba, nikiwafundisha vijana wasinywe dawa wasiyoijua, somo nililolifanyia mazoezi mbele ya kioo hadi kioo kikachoka. Mwenyeji wangu, Mama Koku, akaniletea pale darasani kikapu kidogo chenye punje nyeusi kavu. Nikadhani ni dawa ya tumbo. Kwa kuogopa kumuudhi, nikazimeza na maji.

“Mwanangu, hiyo ni kahawa,” alisema. “Huku mgeni hukaribishwa kwa kuitafuna.”

“Kwani mwalimu ulidhani ni nini?” binti mmoja akauliza.

Darasa zima likanigeukia.

“Dawa,” nikasema.

Siku hizi nauliza kwanza, kisha natafuna.